Mechi ya Fort Wayne ya 1871: tuihesabu au tuiache nje?

Tarehe 4 Mei 1871, siku ya Alhamisi, kwenye mji wa Fort Wayne jimbo la Indiana kule Marekani, watu kama 200 hivi walienda kuangalia besiboli huku wingu limetanda, na walichokiona siku ile mpaka leo watu wa takwimu wanabishana kiingie kwenye hesabu au kisiingie. Wenyeji waliitwa Kekionga, wageni walikuwa Forest City ya Cleveland, ikaisha 2-0 kwa mwenyeji, mvua ikaikatisha mechi wakiwa awamu ya 9 ambayo ndo ya mwisho. Hiyo ndo mechi ya kwanza kabisa ya ligi ya kwanza ya kulipwa ya besiboli. Lakini ukienda kwenye rekodi rasmi za MLB, ligi kuu ya Marekani, haimo. Wao historia yao inaanza tarehe 22 Aprili 1876 kule Philadelphia, Boston 6 Athletics 5. Miaka 5 katikati hapo, wachezaji wanalipwa, magazeti yanaandika, mashabiki wanakata tiketi, yote imewekwa nje ya mlango.

Sasa kwa sisi ambao mpira wetu ni wa miguu hii kesi si ngeni kabisa. Angalia EPL, kila siku unaambiwa Alan Shearer ndo mfungaji bora wa muda wote na magoli yake 260, watu wanaimba, lakini Jimmy Greaves alifunga 357 kwenye ligi ya juu kabisa ya Uingereza, tofauti ni kwamba yeye alicheza kabla ya 1992 ligi haijabadilishwa jina na kupewa mkataba mpya wa tivii. Magoli yalifungwa, makipa waliokota mpira wavuni, ila kuna mtu alichora mstari akasema tunaanzia hapa. Kwenye besiboli mstari umechorwa 1876, na Fort Wayne imebaki upande wa giza.

Mi nina upande wangu na nitausema, ila wanaosema mechi ile isihesabiwe wana hoja na si za kupuuza, kwa hiyo twende taratibu.

Kwanza mechi yenyewe, maana wengi wanaibishania bila kuijua. Ligi iliundwa tarehe 17 Machi 1871 New York, kwenye baa moja ya mtaa wa Broadway, wawakilishi wa vilabu wakakaa jioni moja wakakubaliana kwamba wachezaji wa kulipwa wawe na chama chao na bingwa wao. Kiingilio dola 10 kwa klabu. Ikaitwa kwa ufupi National Association. Mechi iliyopangwa kufungua msimu haikuwa hii ya Fort Wayne, ilikuwa Boston na klabu iliyoitwa Olympics kule Washington, mechi ya wakubwa, mvua ikaiharibu, ndo bahati ikawaangukia Kekionga. Na hilo jina Kekionga ni la kijiji cha Wamiami, wenyeji wa asili wa eneo lile pale mito inapokutana, Fort Wayne ilijengwa juu yake. Timu yenyewe nayo ilikuwa ya kuungaunga, wachezaji wake kadhaa walitoka klabu moja ya Baltimore iliyosambaratika ikiwa safarini mwaka uliotangulia, jamaa wakabaki Fort Wayne wakachukuliwa.

Mmoja wao ni Bobby Mathews. Kijana wa miaka 19, mfupi, mwembamba, ndo alikuwa pitcha, yaani yule anayemrushia mpigaji mpira. Shikilia hilo jina.

Upande wa Cleveland mtu wa kwanza kushika gongo alikuwa James White, maarufu kama Deacon White, kecha wao, yaani yule anayekaa nyuma ya mpigaji kuudaka mpira wa pitcha. Akapiga, mpira ukaenda, akakimbia mpaka besi ya pili, besi ni vile vituo vinne ambavyo mpigaji anavizunguka mpaka arudi nyumbani, na akirudi ndo pointi. Hiyo ni hiti ya kwanza ya ligi ya kulipwa, yaani pigo linalomfikisha mpigaji salama kwenye besi. Akaja Gene Kimball, akapiga mpira wa juu, Tom Carey wa Kekionga akaudaka hewani, na White alikuwa keshatoka kwenye besi yake, Carey akaiwahi ile besi kabla hajarudi, wawili wakatoka kwa tukio moja na mtu mmoja kafanya kazi yote. Yaani dakika chache za mwanzo tayari una hiti ya kwanza, pigo la kwanza la besi mbili, na mara ya kwanza wawili kutolewa pamoja, na wote waliofanya majina yao tunayo. Awamu ya pili Bill Lennon, kecha wa Kekionga, akapiga la besi mbili, Joe McDermott akampigia hiti ya kumleta nyumbani, 1-0. Wakaongeza moja baadaye. Cleveland hawakupata kitu, White peke yake alipiga hiti 3 na bado akaondoka bila pointi. Refa alikuwa John Boake, katoka Cincinnati.

Hapo kwenye 2-0 tukae kidogo. Besiboli ya wakati ule haikuwa na matokeo kama hayo. Wachezaji walikuwa wanadaka kwa mikono mitupu, hakuna glavu, mpira unakuja kwa kasi unaudaka na viganja vyako hivyohivyo, vidole vinavunjika, makosa ni mengi, pointi zinamwagika. Kesho yake tu, tarehe 5 Mei, Boston na Olympics walipopata hali ya hewa wakacheza ikaisha 20-18. Hayo ndo yalikuwa matokeo ya kawaida! Pitcha anarusha toka futi 45, mkono unatokea chini, kurusha toka juu ya bega kama saivi ilikuwa marufuku, na mpigaji ana haki ya kuomba mpira aupendao, wa juu au wa chini, na pitcha analazimika kumpelekea hukohuko. Kwa sheria za namna hiyo Mathews akamaliza awamu 9 hajafungwa. Ile mechi ingechezwa leo watu wangeisifu, sembuse 1871.

Na vyote hivi tunavijua kwa sababu ya ule mraba mdogo wa namba uliokuwa unachapwa gazetini, boksi skoo. Jina la mchezaji, nafasi yake, pointi, hiti, na hesabu ya awamu kwa awamu chini yake. Ukikaa nao ukausoma mstari kwa mstari unaanza kuiona mechi, huyu kapiga, huyu kamleta, awamu ile kimya, ile nyingine kimya. Aliyeukuza utaratibu huo ni Henry Chadwick, mzaliwa wa Exeter Uingereza, mwandishi wa habari aliyehamia New York akauchukua mchezo wa watu wengine akaufanyia hesabu kama karani wa benki. Besiboli ina bahati hiyo, ni mchezo uliokuwa na kumbukumbu za maandishi kabla haujawa na ligi.

Haya, sasa kwa nini itolewe?

Miaka ya 1968 na 1969 MLB iliunda kamati ya watu 5 kuamua ligi zipi za zamani zihesabiwe kuwa ligi kuu, maana kulikuwa na kitabu kikubwa cha takwimu kinaandaliwa na lazima kujua nani aingie. Wakapitisha 6, kuanzia National League ya 1876 na kuendelea. National Association wakaikataa, sababu yao kwa maneno machache ni kwamba ratiba yake na taratibu zake hazikueleweka.

Na ukweli ni kwamba hawakusingizia. Ligi ile ilikuwa haina ratiba ya pamoja, vilabu vinaandikiana barua vinakubaliana lini mtacheza na lini tutacheza, kwa hiyo msimu wa 1871 Mutuals ya New York imecheza mechi 33 na Kekionga 19. Nusu na kidogo tu! Kekionga yenyewe, hao waanzilishi wetu, mwezi wa nane wakavunjika msimu haujaisha. Rockford wakanyang'anywa ushindi wa mechi kadhaa kwa sababu ya mchezaji mmoja, Scott Hastings, ambaye ilisemekana hakuwa na haki ya kuwachezea, na hizo pointi za mezani zikagusa mbio za ubingwa. Chicago waliokuwa wanagombea kombe wakaunguliwa na mji mzima tarehe 8 Oktoba, uwanja ukaenda na moto, wakamalizia mechi zao ugenini na jezi za kuazima, bingwa akawa Athletics ya Philadelphia. Hilo la moto halikuwa kosa la ligi, ila ligi haikuwa na kitu cha kuwasaidia.

Halafu kuna tatizo la ushindani, na kwangu mimi hii ndo hoja yao nzito zaidi. Boston walichukua ubingwa mara 4 mfululizo, 1872 mpaka 1875, na mwaka wa mwisho walishinda mechi 71 wakapoteza 8. Mwaka huohuo Atlantics ya Brooklyn walishinda 2 wakapoteza 42, na Keokuk ya Iowa wakacheza mechi 13 wakashinda 1 wakafunga duka. Mtu yeyote mwenye dola 10 aliweza kuingiza timu. Pitcha wa Boston, Al Spalding, msimu ule wa 1875 alishinda mechi 54 akapoteza 5. Sasa namba kama hiyo unaiweka wapi? Ukiiweka kwenye jedwali moja na pitcha wa 1968 aliyekuwa anakutana kila wiki na timu zilizojaa wachezaji wa daraja la juu, umemdhulumu huyu wa 1968. Wanaosema mechi ile isihesabiwe hawamchukii Mathews, wanachosema ni kwamba rekodi ni kipimo, na kipimo lazima kiwe na ncha mbili zinazolingana.

Kuna na hoja nyingine ndogo, kwamba ukifungua mlango wa 1871 utaufungia wapi? Cincinnati Red Stockings walikuwa timu ya kwanza kutangaza wazi kwamba wachezaji wake wote wanalipwa, 1869, chini ya Harry Wright, wakamaliza mwaka ule mechi 57 za ushindani bila kufungwa, mpaka Juni 1870 ndo Atlantics wakawafunga 8-7 kwenye muda wa nyongeza. Mbona hizo nazo tusiweke? Hili mi naona lina jibu jepesi, 1869 hakukuwa na ligi wala kombe la kugombea, kulikuwa na timu inazunguka nchi inacheza na anayekubali. 1871 kulikuwa na chama, bingwa, msimamo. Mstari upo na unaonekana.

Sasa geuza upande wa pili.

Kama kosa la National Association ni ratiba isiyoeleweka na timu zinazovunjika, basi tuangalie hao waliokubaliwa. National League, ligi hiyohiyo inayofungua kitabu rasmi, iliundwa Februari 1876 na William Hulbert wa Chicago kwenye hoteli New York, timu 8, na 6 kati ya hizo zilitoka moja kwa moja kwenye National Association. Wachezaji walewale, viwanja vilevile, sheria karibu zilezile. Na msimu wake wa kwanza ukaendaje? Athletics na Mutuals, ambazo ni timu za miji mikubwa miwili, zikagoma kusafiri kwenda magharibi kumalizia mechi zao, zikafukuzwa. 1877 wachezaji 4 wa Louisville wakafungiwa maisha kwa kuuza mechi. Hiyo ndo ligi iliyopewa muhuri. Simaanishi isipewe, Hulbert kweli alileta nidhamu, kuwafukuza Athletics na Mutuals kulihitaji moyo, ila tusijifanye kwamba usiku wa 1875 kuamkia 1876 giza liligeuka mchana.

Halafu kuna Union Association ya 1884. Hii ndo inanichanganya kabisa. Ilidumu mwaka mmoja tu, tajiri mmoja wa St. Louis kaijenga, timu yake mwenyewe ikashinda mechi 94 ikapoteza 19, nyingine zikawa zinakufa na kubadilishwa katikati ya msimu, Altoona ikacheza mechi 25 ikafa, Wilmington ikacheza 18 ikashinda 2 ikafa, St. Paul ikacheza mechi 9 na haikuwahi kucheza hata moja nyumbani kwake. Kamati ileile iliyosema National Association haieleweki ikaipitisha Union Association kuwa ligi kuu. Na kuna tofauti moja kubwa kati yao, 1884 kulikuwa na ligi nyingine mbili pembeni ambako wachezaji wazuri walikuwa wamejaa, Union ikaokota waliobaki. 1871 hakukuwa na ligi nyingine, wachezaji bora wa nchi nzima walikuwa humo humo. Kwa hiyo ukichukua kipimo cha ratiba Union inaanguka, ukichukua kipimo cha ubora wa wachezaji Union inaanguka tena, lakini imo, na Fort Wayne haimo. Nimejaribu kutafuta kipimo kimoja kinachoweza kuitoa National Association na kuibakisha Union, sijakiona.

Na 2019 MLB wenyewe walisherehekea miaka 150 ya besiboli ya kulipwa, timu zote zikavaa nembo ya 150, wakihesabu toka wale Red Stockings wa 1869. Sawa kabisa, heshima wanastahili. Ila sasa ukisema besiboli ya kulipwa ilianza 1869 na rekodi zake zinaanza 1876, hiyo miaka 7 katikati walikuwa wanafanya nini?

Hapa ndo inaingia ishu ya ligi za watu weusi na naomba nieleweke vizuri maana watu wanachanganya hizi kesi mbili. Desemba 2020 MLB ilitangaza kwamba ligi 7 za weusi, za kati ya 1920 na 1948, ni ligi kuu, na Mei 2024 takwimu zake zikaingizwa rasmi. Josh Gibson wa ligi hizo akapanda juu ya Ty Cobb wa MLB, wastani wa hiti kwa kila mara aliyopiga, .372 kwa .367, kaongoza orodha nzima ya muda wote. Wapo waliopinga wakasema misimu ilikuwa mifupi, ratiba haikuwa sawa, kumbukumbu hazijakamilika. Na jibu walilopewa lilikuwa zuri, kwamba msimu wa MLB wa 2020 wenyewe ulikuwa wa mechi 60 kwa sababu ya korona na ukahesabiwa kamili.

Tangu hapo mashabiki wa National Association wanasema, na sisi je? Kama ratiba si kigezo tena basi tufungulieni. Kwa upande wa mantiki wana haki. Ila mi siwezi kuziweka kesi hizi kwenye kapu moja. Gibson na wenzake walifungiwa mlango kwa sababu ya rangi, ratiba zao zilikuwa mbovu kwa sababu waliomiliki viwanja ni walewale waliowakataa, na ile kamati ya 1968 ligi zao haikuzijadili kabisa, yaani hata kukataliwa hawakukataliwa, hawakuonekana. Kuwarudisha ilikuwa ni kulipa deni. Wale wa 1871 hawakudhulumiwa hivyo, walikuwa wazungu kwenye mchezo ambao tayari mwaka 1867 chama cha ridhaa kilishakataa kusajili vilabu vyenye wachezaji weusi. Kwa hiyo anayesema Mathews kaonewa kama Gibson anakosea sana na anaharibu kesi yake mwenyewe. Kitu kimoja tu ndo kinavuka toka kesi moja kwenda nyingine, nacho ni kwamba sababu iliyoandikwa 1969, ya ratiba na taratibu, MLB wenyewe hawaitumii tena. Ikibaki kwa National Association peke yake inabidi waiseme upya kwa nini.

Tuje kwa watu sasa, maana mwisho wa siku namba ni maisha ya mtu.

Cap Anson, mpigaji aliyeanzia kwenye National Association, ukimhesabia miaka yake yote ana hiti 3,435, ukikata zile 423 za National Association anabaki na 3,012. Yeye hata ukikata bado yuko juu ya 3,000, ambayo ndo namba ya heshima kwa wapigaji, hana shida. Spalding ana ushindi zaidi ya 250 ukihesabu yote, ukikata zile 204 za ligi ile ya kwanza anabaki na 48, ila Spalding naye alikuja kuwa tajiri wa vifaa vya michezo, jina lake lipo kwenye mipira mpaka leo, historia haijamsahau.

Bobby Mathews ndo habari nyingine. Yule kijana wa Fort Wayne alirusha mpaka 1887, na kwa jumla alishinda mechi 297. Kwenye besiboli namba 300 kwa pitcha ni kama mlango wa peponi, wanaoufikia wanaandikwa kwa dhahabu. Alibakiza 3. Lakini rasmi hana 297, rasmi ana 166, kwa sababu 131 za kwanza alizipata kwenye ligi isiyotambuliwa. Pitcha mwenye 166 ni mtu wa kawaida anayepita kwenye orodha bila mtu kusimama. Pitcha mwenye 297 watu wanauliza huyu ni nani. Alifariki 1898 Baltimore nyumbani kwao, hajafika hata miaka 47.

Deacon White yeye aliishi mpaka akazeeka kabisa. Alikuwa bado yuko hai Juni 1939 walipofungua jumba la magwiji wa besiboli pale Cooperstown, na mwezi uliofuata akafariki, miaka 91. Mtu aliyepiga hiti ya kwanza ya ligi ya kwanza, kafa wiki chache baada ya jumba kufunguliwa na yeye hayumo. Walikuja kumpigia kura Desemba 2012, akaingizwa 2013. Miaka 74 baadaye. Waliompigia hiyo kura walitazama kazi yake yote toka 1871, huwezi kueleza kwa nini White alikuwa mkubwa ukianzia 1876, kwa hiyo hata jumba lenyewe kwa vitendo lishaihesabu ligi ile, bado vitabu tu.

Na ukiangalia orodha ya mambo ya kwanza ndo unaona ugomvi ulivyo wa ajabu, kila kitu kina wenyewe wawili. Homurani ya kwanza, ile ya mpigaji kuzunguka besi zote kwa pigo moja, Ezra Sutton wa Cleveland, 8 Mei 1871, ila rasmi ni Ross Barnes wa Chicago, 2 Mei 1876. Mechi ya kwanza ambayo pitcha hakuruhusu hiti hata moja, Joe Borden, Julai 1875, rasmi ni George Bradley, Julai 1876. Na hapo kwa Borden pana kitu kizuri, kwa sababu ni yeyeyule Borden aliyerusha na kushinda ile mechi ya tarehe 22 Aprili 1876 inayoitwa ya kwanza rasmi. Mtu mmoja, mkono mmoja, miezi 9 katikati, cha mwanzo hakipo na cha pili kipo.

Sasa mi nasimama wapi. Naona watu wanachanganya vitu viwili, rekodi ya mechi na jumla ya mchezaji. Rekodi ya mechi inauliza hili lilitokea au halikutokea, lini, nani kafanya. Kwa hilo Fort Wayne haina mpinzani, tuna tarehe, matokeo, refa, mpigaji wa kwanza, mdakaji wa kwanza, mvua. Hakuna sababu yoyote ya mechi hiyo kutofungua kitabu. Kamati inaweza kuamua ubora wa ligi, haiwezi kuamua kwamba msimu wa sita ndo wa kwanza.

Jumla ya mchezaji ndo ngumu, na hapo nawapa wale wengine nusu ya hoja yao. Zile 54 za Spalding zinanisumbua kweli. Kukutana na Keokuk si sawa na kukutana na timu yoyote ya leo, na kurusha toka futi 45 mkono ukiwa chini si mchezo uleule. Lakini angalia, futi 45 ziliendelea mpaka 1881, mkono wa juu uliruhusiwa 1884, mpigaji aliendelea kuomba mpira wa juu au wa chini mpaka 1887, futi 60 na inchi 6 za leo zimekuja 1893. Ukitaka mstari wa mchezo kubadilika kweli, mstari ni 1893. Waliochora 1876 hawakuangalia uwanjani, waliangalia ofisini, nani alikuwa mwenye ligi. Kama tunavumilia namba za 1876 mpaka 1892 pamoja na sheria zao zote za kizamani, na tunazivumilia, basi hizi za miaka 5 ya nyuma yake zina ugeni gani zaidi?

Kwa hiyo mimi ningeziingiza zote, na pembeni ya misimu ile ya 1871 mpaka 1875 ningeweka alama ya kumwambia msomaji ligi ilikuwaje, mechi ngapi, timu ngapi zilivunjika, aamue mwenyewe uzito wake. Baadhi ya tovuti kubwa za takwimu tayari wanazijumlisha na hakuna aliyekufa, Anson huko ana 3,435 na watu wanaelewa. Hofu kwamba orodha zitavurugika ilishapimwa 2024, Gibson kapanda juu kabisa ya orodha, na mchezo ukaendelea kuchezwa kesho yake.

Ila kama nitaambiwa MLB watakubali kimoja tu kati ya hivyo viwili, mechi au jumla, basi nachukua mechi. Mathews abaki na 166 zake kwenye orodha kama lazima, lakini ukurasa wa kwanza uandikwe Fort Wayne, Alhamisi, 4 Mei 1871, Kekionga 2 Cleveland 0, pitcha Mathews, miaka 19.